Printa Moja, Watumiaji Wengi: Kupanga Foleni ya Kuchapa Ofisini



Ziko ofisi ambazo kompyuta moja huhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Katibu anaandika vyeti vya ubatizo, mhasibu anaandaa mishahara, na mratibu wa miradi anamalizia ripoti ya wafadhili. Printa ni moja. Wote watatu wakituma kazi dakika ileile, nani atangulie? Kama kila mmoja angeandika moja kwa moja kwenye printa, mstari wa mshahara ungeangukia katikati ya cheti cha mtoto.

Mifumo ya jamii ya Unix ilitatua jambo hili zamani, kwa programu iitwayo lpd. Jina linatokana na printa za zamani zilizochapa mstari mzima kwa pigo moja. Herufi ya mwisho ni ya neno la Kiingereza linalofanana na pepo, ila msomaji asiogope: wataalamu wa Marekani wa miaka ya 1960 waliliita hivyo kwa kufuata mfano maarufu wa mwanafizikia Maxwell, wakimaanisha mtumishi asiyeonekana anayefanya kazi nyuma ya pazia. Mfumo wa FreeBSD bado unakuja na lpd, na mfano wetu ni wa huko.

Mtumiaji akitoa amri ya lpr, kazi yake huandikwa kwanza kwenye folda ya foleni katika diski. Kisha lpd huchukua kazi moja moja na kuipeleka kwenye printa. Faida yake kwetu ni kubwa: umeme ukikatika, kazi ambazo hazijachapwa hubaki kwenye diski, na kompyuta ikiwaka tena lpd huzikuta na kuendelea.

Maelezo yote ya printa hukaa kwenye faili la /etc/printcap. Kwa ofisi ndogo yanatosha haya:

ofisi|lp|Printa ya ofisi:\
  :lp=/dev/unlpt0:\
  :sd=/var/spool/lpd/ofisi:\
  :lf=/var/log/lpd-errs:\
  :mx#0:\
  :sh:

Mstari wa kwanza ni majina ya printa. Jina lp ndilo linalotumika mtu asipotaja printa yoyote. Unaofuata unaonyesha printa imechomekwa wapi, hapa ni kwa waya wa USB. Kisha folda ya foleni, na faili la kuandikia makosa. Hilo la makosa lisomwe kabla ya kumwita fundi.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayosumbua watu. Bila mx#0, lpd huweka kikomo cha karibu megabaiti 1 kwa kila kazi, na ripoti yenye picha za kisima haiingii nzima kwenye foleni. Nao sh huzuia ukurasa wa jina unaotangulia kila kazi. Ofisi ikituma kazi 40 kwa siku, hizo ni karatasi 40 zilizookolewa. Hata hivyo, pale wanapochangia printa watu wengi wasiokaa chumba kimoja, mimi ningeuacha ukurasa huo, maana ndio unaoonyesha karatasi ni za nani.

Folda ya foleni haijitengenezi. Itengenezwe, imilikiwe na mtumiaji wa mfumo aitwaye daemon, na ruhusa yake iwe 770. Hapo ndipo siri inapolindwa. Folda ikiachwa wazi, yeyote mwenye akaunti anaweza kusoma orodha ya mishahara inayosubiri zamu. (Karatasi iliyokwisha kutoka na kuachwa kwenye trei ni habari nyingine, hiyo hailindwi na programu yoyote.) Baada ya hapo andika lpd_enable="YES" kwenye /etc/rc.conf, kisha amri ya service lpd start.

Kwa kazi ya kila siku, lpq huonyesha foleni na lprm huondoa kazi. Msimamizi anayo lpc: kwa stop printa husimama huku foleni ikiendelea kupokea, jambo linalofaa wakati wa kubadilisha wino, kwa disable foleni hukataa kazi mpya, na topq husogeza kazi ya haraka mbele. Hiyo topq ikitumiwa ovyo huleta manung'uniko, hivyo kamati ikubaliane mapema ni nani mwenye ruhusa.

Kompyuta nyingi za Linux hutumia mfumo mwingine, CUPS, uliotolewa mwaka 1999. Huko printa hupangwa kupitia kivinjari, na mara nyingi faili la printcap hutengenezwa na CUPS yenyewe. Msilihariri kwa mkono.

Kwa ndugu wafadhili, tunaomba jambo moja. Kabla ya kununua printa ya msaada, ulizeni kama inaelewa lugha ya PostScript au PCL. Baadhi ya printa za bei nafuu hutegemea programu ya Windows kuwaandalia kila ukurasa, na zikichomekwa kwenye lpd hutoa karatasi tupu au alama zisizosomeka. Printa ya ofisini iliyotumika, yenye PCL na ambayo wino wake unapatikana mjini, itatufaa kuliko mpya ya aina hiyo.