Bwawa hugawiwa likiwa limejaa: Nyumba ya Mungu na lambo lako

Masika ndiyo hiyo inaishia, malambo mengi huku Mkwaja yanapendeza kuyatazama, na simu ninazopokea wiki hizi karibu zote ni za aina moja: "Afisa, lambo limejaa, nipige heka ngapi za nyanya?" Swali ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi mnauliza wakati kitalu kimeshasiwa, hela ya mbegu chotara imeshatoka, na mnunuzi wa mjini ameshaahidiwa matenga. Hapo ushauri wangu unakuwa wa kufariji tu.

Leo tulijibu kwa hesabu. Na tuanzie mbali kidogo, kwenye bwawa kubwa kuliko yote katika bonde letu, kwa sababu wenzetu wa kule wanapambana na ukame kwa namba na si kwa macho.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960 kusini mwa Moshi, pale Mto Kikuletwa unaotoka upande wa Meru na Kilimanjaro unapokutana na Mto Ruvu. (Huu si ule Ruvu wa Dar es Salaam, msichanganye. Majina yanafanana, maji ni mengine kabisa.) Likijaa, uso wake unafikia karibu kilometa za mraba 140. Maji yanayotoka pale ndiyo Mto Pangani wenyewe, unaoshuka hadi Korogwe, Hale, na mwisho baharini kati ya Pangani mjini na Bweni.

Maji hayo yanafanya kazi zaidi ya mara moja. Yakitoka bwawani yanazungusha mtambo wa megawati 8 hapo hapo. Yakifika Hale yanakutana na mitambo ya megawati 21. Mbele kidogo yanashuka New Pangani Falls, megawati 68, kituo kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1990. Kituo hicho kikitaka kufanya kazi kwa nguvu zote kinahitaji takribani mita za ujazo 45 kila sekunde. Katikati ya safari wamo wakulima wa mpunga na mboga, mifugo, na miji inayokunywa. Juu ya bwawa nako kuna mifereji ya asili ya Wachaga, shamba la miwa la TPC, na skimu ya mpunga ya Lower Moshi iliyokamilika 1987 kwa msaada wa Japani. Wote wanachota kabla maji hayajafika bwawani. Kwa hiyo Nyumba ya Mungu hupokea kilichobaki, kisha inadaiwa na kila aliye chini.

Sasa angalia linavyosimamiwa, maana ndiyo sababu ya kukuchosha na megawati. Bwawa lina vipimo viwili: cha juu, karibu mita 689 kutoka usawa wa bahari, na cha chini, karibu mita 679. Hizo mita kumi ndizo mali. Chini ya hapo maji yapo, unayaona, lakini si ya kutumia. Mtu akisimama ukingoni mwaka wa ukame ataona ziwa kubwa na kushangaa kwa nini wanabana. Wanabana kwa sababu hawahesabu maji wanayoyaona, wanahesabu yaliyo juu ya mstari.

Jambo la pili ni saa ya kufungulia. Chini ya bwawa, Pangani unapokea mito mingine: Mkomazi kutoka upande wa Pare na Usambara, na Luengera inayoingia karibu na Korogwe. Mvua zikinyesha milimani huko, mito hiyo inabeba sehemu ya mzigo, na maji ya akiba yanaweza kubaki bwawani. Ikikauka, bwawa ndilo linalobeba. Ukifungulia akiba wakati mito ya chini imejaa, umemwaga maji baharini. Ukibania mpaka mwisho, jua nalo linakula. Kwenye uso wa kilometa za mraba 140, milimita 5 tu za kukauka kwa siku ni mita za ujazo 700,000. Kwa siku moja! Ukizigawa kwa sekunde ni kama mita za ujazo 8, mto mzima unaopaa angani bila kuwasha taa wala kumwagilia mche.

Na kuna wanaoumia kimya kimya. Kabla ya bwawa, mafuriko ya kila mwaka yalikuwa yakijaza kinamasi cha Kirua, chini yake. Watu walivua na kulima maji yakipungua. Bwawa lilipoanza kuzuia mafuriko, kinamasi kikasinyaa na riziki ile ikasinyaa nacho. Huku mdomoni Pangani, mto ukiwa dhaifu bahari inapanda juu. Mkulima wa kando ya mto anawasha pampu akidhani anamwagilia, kumbe anamwaga chumvi shambani. Nitarudi kwenye chumvi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka foleni: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili mazingira, kisha ndiyo umeme, kilimo cha biashara na wengine. Wewe na mimi tuko nyuma ya foleni. Si jambo la kulalamikia, ni la kuingiza kwenye mpango wa biashara.

Haya, turudi Mkwaja. Chukua lambo la kawaida kabisa: juu lina mita 40 kwa 30, kina mita 3, kuta zimelala, yaani kila ukishuka mita moja umeingia ndani mita mbili. Chini litakuwa na mita 28 kwa 18. Wengi wanazidisha 40 kwa 30 kwa 3 na kupata mita za ujazo 3,600. Hapana. Kuta zilizolala zimekula nafasi. Ukipiga hesabu vizuri unapata kama 2,480. Umeshapoteza zaidi ya elfu moja kabla hujapanda kitu, na hizo hazikuwahi kuwepo.

Toa sasa za jua. Pwani yetu ina upepo na joto, weka milimita 6 kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo lambo likiwa limejaa linapoteza lita 7,200 kila siku. Uso unapungua maji yakishuka, tuseme wastani ni mita za mraba 900: kwa siku 120 zimeondoka karibu mita za ujazo 650. Toa zinazonywewa na ardhi. Kwa udongo mzuri wa mfinyanzi tuseme milimita 3 kwa siku, hiyo ni kama 320 nyingine. Kwenye kichanga usiniulize, lambo litakuwa kavu kabla ya sabasaba. Toa nusu mita ya chini, ambayo ni tope na pampu haitakiwi kuigusa: 275 hivi.

Zimebaki kama 1,235. Hapo hujanywesha ng'ombe, hujachota hata ndoo.

Nyanya kwa umwagiliaji wa matone, kwenye jua la hapa, zinataka wastani wa milimita 4 kwa siku. Heka moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni mita za ujazo 16 kila siku, na kwa siku 120 ni zaidi ya 1,900. Gawanya mwenyewe. Lambo lile linalopendeza, mvua isiponyesha kabisa, haliwezi kufikisha hata heka moja. Linaweza kama theluthi mbili pungufu kidogo, tena kwa matone. Kwa mfereji au mpira wa kumwagia ovyo, nusu ya hapo ikipatikana shukuru. Ndiyo maana nyanya za watu zinakufa mwezi wa nane zikiwa na matunda ya kijani: mimea ilipandwa kwa ukubwa wa uso wa maji.

Najua mtaniambia vuli itakuja. Ikija vizuri, hiyo ni faida. Mwaka 2022 vuli ilichelewa, mto Ruvu ule mwingine ukapungua mpaka Dar es Salaam wakaingia kwenye mgao wa maji mwezi wa kumi. Usiweke vuli kwenye hesabu ya mkopo.

Namba zangu ni za mfano, zako unazipata kwa kijiti. Simika mti ulionyooka ndani ya lambo, uandike sentimita kwa rangi. Siku usiyowasha pampu, soma saa kumi na mbili jioni na tena saa kumi na mbili asubuhi. Usiku jua halipo, kwa hiyo kilichopungua kwa sehemu kubwa kimenywewa na ardhi. Rudia usiku tatu nne. Kama linashuka sentimita nzima kwa usiku mmoja, usinunue mbegu, nunua udongo wa mfinyanzi ushindilie kuta, au tandika plastiki.

Kwenye kijiti hicho weka mistari mitatu, kama Nyumba ya Mungu wanavyokuwa na yao. Maji yakifika mstari wa kwanza, hakuna kupanda kitalu kipya hata mnunuzi apige simu mara ngapi. Wa pili, chagua sehemu ya kuacha. Hili vijana hamlipendi, mnataka kugawa maji kidogo kidogo kwa heka nzima, na mnaishia kupata heka nzima ya nyanya za ukubwa wa ndimu. Acha robo iliyo dhaifu ife, maji yake yapeleke kwenye iliyoanza maua na kufunga matunda, maana hapo ndipo nyanya haivumilii kiu. Mstari wa tatu ni nyumbani na mifugo, basi. Mistari hii iandikwe sasa, lambo likiwa limejaa na akili imetulia. Ukingoja mwezi wa nane utajadiliana na nafsi yako na utashinda wewe, nyanya zitashindwa.

Mwenye malambo mawili, tumia kwanza lile pana lenye kina kifupi, ndilo linaloibiwa zaidi na jua. La kina kirefu libaki mwisho. Mwenye kisima au kijito kinachotiririka bado, chota huko wakati kipo, kama bwawa linavyoiachia Luengera zamu yake. Ila pima chumvi. Kipima chumvi kidogo cha mkononi kikisoma chini ya 0.7 desisimensi kwa mita, endelea. Kikizidi 3, hayo ni ya minazi, si ya mboga. Maharage na vitunguu vitakata tamaa mapema zaidi, nyanya inavumilia kidogo. Pima kila wiki, kwa sababu kisima cha karibu na bahari kinabadilika kadri unavyokivuta.

Tope nalo. Wakulima wa milima ya Amani, kwenye umoja wao wa UWAMAKIZI, wanapanda miti na kuchimba makinga maji ili Mto Zigi usijaze udongo bwawa la Mabayani linalonywesha jiji la Tanga. Wewe unahitaji shimo dogo la kunasa mchanga kabla maji hayajaingia lamboni, na nyasi ukingoni. Utoro wa maji, ile njia ya kutolea yanapozidi, uwe mpana na uote nyasi. Tuta linalopitiwa juu na maji linakatika usiku mmoja. Na sisi tunaopakana na Saadani, lambo la mwisho lenye maji mwezi wa tisa litatembelewa na tembo. Weka mabomba na pampu mbali na njia yao, na usilale lamboni kulinda.

Anayetaka kuzuia kijito, iwe Msangasi au kingine chochote, aanze na kibali. Mto Msangasi uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi kuu iko Moshi, na maombi yanaweza kuanzia kwenye jumuiya ya watumia maji kama ipo kwenu. Tuta bila kibali linaweza kuvunjwa, na aliye chini yako ana haki ya kushtaki.

Kijiti kisimikwe wiki hii. Ukiwa na vipimo vya usiku nne, urefu, upana na kina, nitumie au njoo navyo ofisi ya kata, tupige hesabu ya heka kabla kitalu hakijasiwa.