Majipu yanayozunguka nyumba: Kikulacho ki nguoni mwako



Mama mmoja kutoka Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, alinijia na mtoto wa miaka minne mwenye jipu pajani. Nilipomuuliza, alisema hilo ni jipu la tatu nyumbani kwake. Dada mtu alianza kwa jipu la shingoni, likafuata la baba kwapani. Baadhi ya majirani walisema damu ya ukoo wao ni chafu, wengine wakanong'ona kuwa wamerogwa. Kila mara mama huyo alinunua amoksilini dukani. Mgonjwa alikunywa siku mbili, akipata nafuu vidonge vilivyobaki viliwekwa kumsubiri mwingine.

Ndugu msomaji, damu yao haina kosa. Anayezunguka nyumba hiyo ni kijidudu kiitwacho stafilokokasi. Kati ya watu kumi, kiasi cha watatu hukibeba puani bila kuumwa wala kujua. Hukaa pia kwapani na kwenye nyonga. Mkono ukitoka puani, ukakuna ngozi yenye mchubuko au kuumwa na mbu, kijidudu kimepata mlango.

Sasa tutazame nyumba zetu. Taulo moja hutumiwa na watu watano. Wembe mmoja hunyoa vichwa vya watoto wote. Watoto watatu hulala shuka moja. Mama humkamulia mtoto usaha, hujifuta kwa kanga, na kanga hiyohiyo humbebea kichanga. Kijidudu hiki huweza kuishi kwenye nguo siku nyingi. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo la pili ni dawa. Penisilini ilipoanza kutumika miaka ya 1940, haukupita muda mrefu stafilokokasi wakajifunza kuiharibu. Ndiyo maana amoksilini, iliyo ndugu yake, mara nyingi haiwafanyi kitu. Ikatengenezwa methisilini, na mwaka 1961 huko Uingereza wakaonekana vijidudu vilivyoishinda hiyo pia. Ni kama mwenye nyumba aliyebadilisha kitasa: ufunguo unao, lakini haufungui. Vijidudu hivi, viitwavyo kwa kifupi MRSA, vimepatikana hata kwa wagonjwa wa Muhimbili, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Makadirio ya wataalamu ni kuwa mwaka 2019 viliua watu zaidi ya 100,000 duniani.

Si kila jipu ni la MRSA, na kwa macho huwezi kujua mpaka usaha uoteshwe maabara. Lakini kila unapokunywa dawa nusu, au kufungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake kidondani, unaua vijidudu dhaifu na kuviachia nafasi vile sugu. Kisha hivyo sugu ndivyo vinavyohamia kwa mwanao.

Kutibu mgonjwa mmoja na kuiacha nyumba ni kuteka maji kwa pakacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanyika St. Louis, Marekani, uliwagawa watoto wenye maambukizi haya makundi mawili. Kundi moja alisafishwa mtoto peke yake kwa dawa ya kuogea na ya kupaka puani, na jingine ikasafishwa familia nzima. Baada ya mwaka, ugonjwa ulirudi kwa watoto 72 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na 52 wa kundi la pili. Haukwisha, lakini ulipungua. Dawa hizo usijinunulie. Muulize tabibu wako.

Yaliyo mikononi mwetu ni haya. Jipu lisikamuliwe nyumbani, hasa la puani au mdomoni, kwani sumu yake huweza kupanda kichwani. Likande kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu. Likiiva, tabibu alipasue. Mara nyingi kutoa usaha ndiyo tiba yenyewe. Kidonda kifunikwe, na anayekihudumia anawe kwa sabuni kabla na baada. Kila mtu awe na taulo na wembe wake. Mkononi maji yamiminwe kwa birika, tusichovye sote bakuli moja. Hata ile taulo inayoning'inia msikitini ili kila mtu ajifutie baada ya udhu, tuiondoe. Udhu unatufundisha kusafisha pua, na hilo ni jema, lakini maji matupu hayamalizi kijidudu hiki.

Shuka na nguo za mgonjwa zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Kule Mgeta na Bunduki, ambako ukungu huchelewesha nguo kukauka, zipigwe pasi ya mkaa.

Homa ikipanda, wekundu ukitambaa, au mgonjwa akiwa kichanga au mwenye kisukari, usingoje kesho. Nenda hospitali.

Yule mama alikuwa na kichanga cha miezi mitatu mgongoni, kwenye kanga. Ndiyo maana sikumwandikia dawa ya mtoto tu. Nilimwambia aanze na ile kanga.

Wabillahi tawfiq.