Nota moja, sauti mbili

Desemba iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, Muleba. Boom limeisha, na senene wanauzwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaishia kuisikia tu. Kukawa na harusi. Kikundi chetu cha matarumbeta pale usharikani kilipungukiwa watu, basi tukaazima vijana wawili kutoka Bukoba waliojifunzia kwenye bendi ya shule. Wapigaji wazuri, mimi wananiacha mbali. Wakaangalia kitabu chetu, wakasema, "Hii mbona nyepesi."

Tukaanza. Jamani! Bibi harusi yuko mlangoni, na sisi wimbo mmoja tunaupiga kama nyimbo mbili. Watu wakadhani vijana wamelewa. Vijana wakadhani vyombo vyetu ni vibovu. Mwalimu wetu, mzee wa kahawa na migomba aliyetufundisha wote bila malipo, akawainamia na kuwanong'oneza: "Pandeni toni moja." Ubeti wa kwanza wakanyamaza, wakijaribu vidole tu. Ubeti wa tatu wakaingia, na kanisa likatulia.

Kumbe hakuna aliyekosea. Wote tulisoma nota ileile, ila tulifundishwa kuiita kwa namna mbili.

Iko hivi. Tarumbeta ni bomba tu. Kinachotoa sauti ni midomo yako inayotetemeka, na ukiwa hujabonyeza kitu unapata sauti chache zilizopishana kwa mbali. Pistoni tatu zinaongeza urefu wa bomba: ya pili inashusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Kwa tarumbeta ya kawaida, ile sauti kuu ya bila kubonyeza ni Bi flati ya kinanda.

Sasa sauti hiyo tuiandikeje? Bendi za shule, polisi na jeshi zinaiandika C. Wana sababu nzuri: mpigaji akihama kutoka tarumbeta kwenda chombo kingine kikubwa zaidi cha familia hiyo, anabaki na vidole vilevile, karatasi ndiyo inayobadilishwa. Sisi wa kanisani tunaiita Bi flati, kama kinanda kinavyoiita. Kwa hiyo mkiwekewa C ya nafasi ya tatu kwenye stafu, kijana wa bendi anapuliza bila kubonyeza, mimi nabonyeza pistoni ya kwanza. Tunapishana toni nzima. Ndiyo ile kelele ya harusini.

Nani aliamua kanisani tusome hivi? Hapo unakutana na mtu anayeitwa Johannes Kuhlo.

Kuhlo alizaliwa mwaka 1856 huko Westfalia, Ujerumani, mtoto wa mchungaji. Baba yake, Eduard, alikuwa mpenzi mkubwa wa vikundi vya matarumbeta vya vijijini, na mwaka 1881 alitoa kitabu cha nyimbo kwa ajili yao. Mtoto naye akawa mchungaji, na miaka ya 1890 akaenda Betheli, karibu na mji wa Bielefeld, kusimamia nyumba ya kuwafundisha mashemasi. Huko alifundisha, alihariri vitabu, na aliongoza mikusanyiko ya wapigaji kwa maelfu, mpaka watu wakampachika jina la jenerali wa matarumbeta.

Lakini wapigaji wake hawakuwa wanajeshi. Wengi walikuwa wakulima na mafundi, watu wanaofika mazoezini jioni wamechoka. Kuwaandikia kila mmoja karatasi ya chombo chake ilikuwa gharama na usumbufu. Basi njia ya Kuhlo ikawa hii: kila mtu asome nota za kinanda, kutoka kitabu kimoja chenye sauti zote nne, kama kwaya. Besi hajaja leo? Mwingine anashuka mstari wa chini. Kwaya inataka kusindikizwa? Fungueni ukurasa uleule. Na alitaka chombo kiimbe, si kupiga kelele za gwaride, ndiyo maana alipenda vyombo vya sauti laini na nene.

Sisi huku inatuhusu nini? Mwaka 1906 chama cha misheni kilichokuwa Berlin kilihamia Betheli hiyohiyo, na mwaka 1910 wamisionari wake wakafika Bukoba. Kanisa walilolianza ndilo leo Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT.

Nisimfanye malaika. Uzeeni Kuhlo alimuunga mkono Hitler waziwazi, na alifariki mwaka 1941 katikati ya vita. Mtu anaweza kuwa na mbinu nzuri ya kufundishia na bado akasimama upande mbaya kabisa wa historia. Sisi tunaosomea ualimu tusisahau hilo.

Mbinu yake nayo ina bei. Mtoto aliyekulia kwenye kitabu cha kanisani akitamani bendi ya Polisi, Magereza au JWTZ, ambako tarumbeta ni ajira, anawekewa karatasi iliyoandikwa kwa utaratibu mwingine, na vidole vinamsaliti. Somo la Muziki lipo sekondari na mtihani wake wa kidato cha nne upo, ila shule zinazolifundisha ni chache. Kwa watoto wengi wa kwetu, darasa la muziki ni lile benchi la nyuma ya kanisa. Mwalimu wa pale akichagua mfumo mmoja, tayari amemchagulia mtoto mlango mmoja, na mara nyingi hata yeye hajui.

Tunapokaa kwenye vimbweta kubishana kuhusu mitaala, tunadhani maamuzi makubwa yanafanyika Dodoma tu. Mengine yanafanyika pale mwalimu anapomwambia mtoto wa miaka tisa, "Hii inaitwa C."

Baada ya harusi ile mzee aliniita pembeni. "Mapafu yangu yameisha," akasema. "Wewe si unasomea ualimu? Likizo ijayo wachukue watoto." Nilitaka kumwambia nina fildi, nina ripoti. Sikuweza. Watoto ni saba, tarumbeta ni nne, na moja pistoni yake inakwama.

Nimeamua hivi. Nitaanza kama makondere ya falme za jirani, Bunyoro na Buganda, ambako kila mpiga pembe alikuwa na sauti yake moja na wimbo ulipatikana wakiwa pamoja. Kila mtoto nota moja, zamu kwa zamu. Halafu kitabu cha kanisani, kwa sababu ndicho tulicho nacho na Jumapili haisubiri. Ila kuanzia mwezi wa pili, kila wimbo watakaoujua nitawaandikia tena ubaoni kwa utaratibu wa bendi, toni moja juu, na nitawaambia wazi kwamba sauti ni ileile, majina ndiyo mawili.

Mzee aliwaokoa wale vijana kwa maneno matatu, kwa sababu alijua mifumo yote miwili. Nataka hao saba nao waijue yote, wasisubiri kunong'onezwa harusini.