Tukio moja, waliodhurika wengi: kwa nini kila mmoja aende mahakamani peke yake?

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la kubeba mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Mafuta yalimwagika kati ya nyumba, moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Wengine walikuwa wamesogea kuchota. Wengine walikuwa wamekaa tu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia.

Tunaikumbusha Sange kwa sababu ya swali ambalo waumini hutuuliza: tukio moja likiumiza watu wengi, je, wanaweza kwenda mahakamani kama mtu mmoja?

Kwa Kongo, kwa kawaida jibu ni hapana. Wajibu wa kufidia upo tangu zamani. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai, kilichotoka katika amri ya mwaka 1888, kinamtaka aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake amlipe. Shida iko kwenye njia ya kudai. Familia mia mbili zinaweza kuandikwa pamoja katika kesi moja, lakini kila moja lazima itajwe na ionyeshe hasara yake. Mtu mmoja hawezi kusimama kwa ajili ya kijiji kizima. Aliyekimbilia Burundi, mzee asiyejua kusoma, mjane asiye na cheti cha ndoa: hao hubaki nje hata kama jirani yao ameshinda. Tena kuna ada za kufungua kesi, na baada ya kushinda kuna ada nyingine inayohesabiwa kwa asilimia ya fidia. Asiye na uwezo anaweza kusamehewa akileta hati ya kuthibitisha umaskini wake, lakini hati hiyo nayo ina safari yake.

Vukeni ziwa mwone tofauti. Kule Kigoma, sheria ya Tanzania ya mwenendo wa kesi za madai inaruhusu mtu mmoja au wachache, kwa idhini ya mahakama, kushtaki kwa niaba ya wote wenye dai lile lile. Mahakama huhakikisha wengine wamepewa taarifa, hata kwa tangazo, na hukumu huwagusa wote. Kenya imeenda mbali zaidi: katiba yake ya 2010 inamruhusu mtu kufungua kesi ya haki za msingi kwa faida ya kundi. Ndiyo njia waliyopitia watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ingawa mabishano ya rufaa yaliendelea kwa miaka.

Sisi tulirithi sheria za Ubelgiji. Lakini Ubelgiji wenyewe walibadilisha: tangu Septemba 2014 wana njia ya kudai fidia kwa pamoja kwa ajili ya wanunuzi wa bidhaa na huduma. Mwenye nyumba amejenga mlango mpya, na sisi bado tunaruka dirishani.

Mlango mmoja tunao, nao ni mwembamba. Katika kesi ya jinai, aliyedhurika anaweza kujiunga kudai fidia. Ndivyo walivyofanya wanawake wa Fizi waliobakwa na askari usiku wa Mwaka Mpya wa 2011. Mahakama ya kijeshi iliwafuata hadi Baraka, na mwezi wa Februari luteni kanali aliyewaongoza askari hao alihukumiwa miaka 20. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Fidia waliyopewa kwa karatasi, hata hivyo, waliisubiri miaka mingi.

Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 ilikuja kutibu kidonda hicho. Inawahusu waliodhuriwa na ukatili wa kingono wa vita na makosa makubwa ya kimataifa. Inatambua fidia ya mtu mmoja na fidia ya jamii nzima, na imeweka mfuko wa taifa, FONAREV, unaopata asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Kwa Makobola, kwa Mutarule ambako waumini waliuawa wakiwa ibadani mwezi wa Juni 2014, hilo ni tumaini la kweli. Lakini moto wa Sange haumo humo, wala maji yaliyochafuliwa na mgodi.

Tusidanganyane kwamba kesi za pamoja hazina hatari. Marekani, mwaka 2005, walilazimika kubana mapatano ambamo mawakili walilipwa fedha na wateja wao wakapata vocha tu. Sheria yetu ikija, imtake hakimu akague malipo ya avoka, na imruhusu asiyetaka ajitoe.

Inaweza kuja vipi? Binti watano wa Selofehadi walisimama pamoja mbele ya Musa, na kanuni ya urithi ikabadilika kwa Israeli yote (Hesabu 27). Katiba yetu, kifungu cha 27, inaruhusu ombi la pamoja kwa mamlaka, na inayataka mamlaka yajibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu cha 130 kinampa kila mbunge na kila seneta haki ya kuleta muswada. Wabunge wa Uvira na Fizi tunawafahamu. Wengine wao hukaa viti vya mbele makanisani mwetu.

Wakati huo, wachungaji, tunzeni daftari. Andikeni majina yote ya marehemu, tarehe, mahali, jamaa aliyebaki na mali iliyopotea, na shahidi mmoja atie sahihi. Fanyeni nakala mbili, moja iwekwe mbali na ziwa na mito, maana mafuriko ya Aprili 2020 hayakuchagua kabati. Na mtu akija kuomba dola ili aingize jina la mjane kwenye orodha ya fidia, msimpe. Mpelekeni kwanza kwa wazee wa kanisa.