Jina la Mwashi Asiyechoma Tofali

Msafiri apitaye katika barabara za Uganda wakati wa kiangazi huona mahali pengi rundo kubwa la matofali lililokandikwa udongo, chini yake midomo miwili mitatu ya moto, na juu yake moshi mzito unaofuka usiku na mchana. Hilo ndilo tanuri la kienyeji. Kuni zinazoingia humo ni magogo ya miti mizima, na udongo wenyewe aghalabu umechimbwa bondeni, ukaacha mashimo yanayotuama maji na kuzaa mbu. Nyumba nyingi nzuri za nchi hiyo zimetoka katika moshi huo, na si haki kuwadharau waliozijenga.

Lakini wapo sasa waashi, wengi wao vijana, wanaojenga bila tanuri. Huchekecha udongo mwekundu wa changarawe, wakauchanganya na saruji kidogo, kiasi cha sehemu tano hadi kumi katika mia, kisha wakaushindilia katika mashine ya mkono yenye wenzo mrefu. Tofali litokalo huwekwa kivulini, likafunikwa kwa turubai na kunyunyiziwa maji kwa muda wa majuma matatu au manne. Lina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, hata moja hulishika jingine, na saruji ya kuungia huhitajika kidogo tu. Matofali ya namna hiyo, yenye kushikana kwa pande zake, yaliendelezwa na Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 2009 shirika la UN-Habitat lilitoa kijitabu juu ya matumizi yake nchini Uganda. Ufundi, basi, upo. Linalowasumbua vijana hao wanapotaka kufungua biashara ni jambo ambalo shule ya ufundi haikuwafundisha: biashara hiyo iitweje?

Msomaji asidhani kuwa hilo ni jambo dogo. Mwashi wa kijijini hatangazi kazi yake redioni. Kazi yake hutangazwa na mama aliyekwenda kisimani, akaulizwa ni nani aliyemjengea jiko lile zuri, naye akajibu kwa neno moja. Neno hilo likiwa gumu kutamkwa, hutamkwa vibaya. Likitamkwa vibaya mara tatu, mteja humtafuta mtu asiyekuwapo.

Chukua mfano wa waashi watatu wa Masaka walionunua mashine moja kwa kuchangiana. Wameketi jioni na karatasi. Wa kwanza anataka jina la Kiingereza lenye neno “Green” au “Eco”, kwa kuwa ameona mashirika ya wafadhili wakiyapenda maneno hayo. Wa pili anataka jina la ukoo wake, maana ndiye aliyetoa fedha nyingi zaidi. Wa tatu anataka jina lenye neno udongo, kwa sababu, asema, udongo ndio kazi yao.

Rai ya yule wa kwanza haina uzito mwingi, ingawa yeye ndiye atakayepiga kelele zaidi. Maneno hayo mawili yamekwisha kupakwa juu ya sabuni, maji ya chupa na hoteli, na hakuna mtu awezaye kuyapima. Itakuwaje siku ambayo udongo wa kiwanja umekuwa wa mfinyanzi mtupu usiofaa kushindiliwa, na mteja mwenyewe ameagiza lori la matofali ya kuchoma? Kibao kinasema rafiki wa mazingira, na lori linashusha kazi ya tanuri mbele yake. Mtoto wa shule ataliona hilo kabla ya wakubwa.

Jina la ukoo lina heshima yake. Sheria ya usajili wa majina ya biashara nchini Uganda haimlazimishi kujiandikisha mtu afanyaye biashara kwa jina lake halisi la ukoo bila kuongeza neno. Ni pale anapoongeza “na Wenzake” au “Wajenzi” ndipo hubidi aandikishe. Huko Burkina Faso, Francis Kéré, aliyejenga shule ya udongo ulioshindiliwa katika kijiji chake cha Gando mwaka 2001 na kupewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, ameiita ofisi yake kwa jina la ukoo wake, na jina hilo limekuwa sifa. Kéré lakini ni mmoja. Waashi wa mfano huu ni watatu. Wakigombana, wawili watakuwa wameijenga sifa ya mtu mwingine kwa miaka. Na mwenye jina akifariki, watoto wake watadai kibao hata kama hawajui kushika mwiko. Tena jina la ukoo hutambulisha kwao ni wapi, na mteja wa mbali huenda akadhani kuwa biashara hiyo ni ya watu wa huko tu.

Rai ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo yenye jambo la kweli ndani yake. Katika vijiji vingi, nyumba ya udongo ni neno la umaskini. Mama aliyeuza kahawa miaka kumi ili aondoke katika nyumba ya fito na kinamo hawezi kufurahi kumlipa fundi aitwaye Nyumba za Udongo. Jina la Tofali Bichi ni la kweli kabisa, kwa maana tofali hilo halikupita motoni, lakini nani atawalaza wanawe ndani ya ukuta mbichi? Hata lugha ya nyumbani ina mitego yake. Kwa Kiganda neno “ettaka” ni udongo na pia ni ardhi, na kibao chenye neno hilo kitaleta wanunuzi wa viwanja mlangoni tangu asubuhi.

Hata hivyo, kuuficha udongo ni hatari kubwa kuliko kuutaja. Wapo mafundi wanaopiga lipu nene juu ya ukuta na kumwacha mwenye nyumba aamini kuwa ndani mna matofali ya kuchoma. Siku atakapotoboa ukuta ili atie bomba, atajiona amedanganywa, ingawa nyumba yake ni imara. Wataalamu wa Grenoble, Ufaransa, walioanzisha kituo chao mwaka 1979, hawakuona haya. Walikiita CRAterre, na “terre” kwa lugha yao ni udongo. Hao walikuwa watafiti, hawakuwa na mteja wa kumshawishi. Yafaa zaidi kutazama Chama cha Voûte Nubienne, yaani Kuba la Kinubi, kilichoanzishwa mwaka 2000 na mwashi Mfaransa pamoja na mkulima wa Burkina Faso. Jina lao halitaji udongo wala mazingira. Linataja paa wanalojenga. Mteja hulisikia, hulitazama paa, akaamua.

Kwa njia hiyo waashi wa Masaka wangeweza kufikia jina kama Bila Moshi. Ni jepesi, na jirani yeyote anaweza kulipima kwa macho. Lakini lina ufa. Saruji inayotiwa katika tofali, hata ikiwa kidogo, imechomwa katika tanuri za Tororo au Hima. Moshi haukutoweka, umepungua, na uliobaki uko mbali na kijiji. Mteja msomi akiuliza, mwashi hana budi kukiri. (Na msomaji wa Tanzania atacheka, akidhani biashara hiyo imekataa kufika Moshi.)

Shikamana ni bora. Linasema kile tofali linachofanya hasa, ulimi kuingia katika mfereji, na halimsifu mwashi kwa wema asioweza kuuthibitisha. Ni neno la Kiswahili, na kwa Uganda hilo si jambo dogo. Kwa miaka mingi wengi waliihesabu lugha hiyo kuwa ya kambi za askari, na wazee wengine bado husita kuisikia. Lakini jina la Kiganda litakuwa geni Gulu, na la Kiacholi litakuwa geni Masaka, ilhali Kiswahili hakimpendelei mwenyeji wa upande wowote. Habari za miti iliyookolewa na moto usiowashwa zaweza kuandikwa chini yake kwa herufi ndogo: “Matofali ya kushindiliwa, hayachomwi.” Mstari huo mfupi unautaja udongo bila kuutia aibu, na mwashi asikubali mchoraji wa vibao auache kwa kukosa nafasi.

Yabaki ya ofisini. Usajili hufanywa na Idara ya Usajili ya Uganda, ijulikanayo kama URSB, na siku hizi ombi laweza kupelekwa hata kwa mtandao. Jina linalofanana mno na la mwingine hukataliwa. Wanaotaka kuwa kampuni, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 iliwapa nafasi ya kuwekewa jina kwa siku 30, na msajili akiona sababu ya pekee, hadi siku 60. Lakini kuandikisha jina la biashara si kulimiliki. Atakaye kulilinda lisiigwe huandikisha alama ya biashara, ambayo hudumu miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10.

Kwa kuwa neno zuri mara nyingi limekwisha kuchukuliwa, ni heri kwenda na majina matatu kwa mpangilio. Waashi hawa waandike Shikamana kwanza, na Bila Moshi la pili. La tatu liwe lile la Kiingereza, kama yule mwenzao bado hajanyamaza.