Wenye pampu za moyo na kinga dhidi ya maambukizi

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu anaweza kuwekewa pampu ndogo kifuani, ama kwa kudumu, ama akingoja kupandikizwa moyo mwingine.

Lakini pampu hiyo huhitaji umeme, nao humfikia kwa waya unaopenya ngozi ya tumbo na kuunganishwa na betri anazozibeba. Maadamu waya upo, tundu hilo halifungiki kabisa, na bakteria wanaweza kupita hapo.

Hatari hiyo ilidhihirika mwaka 2001, Marekani ilipotangaza matokeo ya utafiti wa REMATCH, uliowahusisha wagonjwa 129. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliotegemea dawa pekee. Hata hivyo, maambukizi yaliyoenea mwilini ndiyo yaliyoongoza kuwaua wenye pampu.

Pampu za siku hizi ni ndogo na imara zaidi, ila waya ungalipo.

Kinga huanza kabla ya upasuaji. Meno mabovu hutibiwa, na mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria muda mfupi kabla ya kupasuliwa.

Baada ya hapo, jambo la kwanza ni kuutuliza waya. Ukivutwa, kwa mfano betri ikianguka, nyama iliyoanza kuushika huchanika na kuwapa vijidudu nafasi. Ndiyo maana hufungwa kwa kishikizo kinachobandikwa tumboni.

La pili ni usafi. Anayebadilisha bendeji, ambaye mara nyingi ni mke, mume au mtoto aliyefunzwa hospitalini, hunawa mikono, huvaa barakoa na glovu safi zisizo na vijidudu, kisha husafisha ngozi kwa dawa. Kuogelea na kujitumbukiza katika maji ni marufuku. Kuoga kwa bomba la mvua husubiri ruhusa ya daktari, na vifaa hufunikwa visiingie maji.

Bakteria wakishajishikiza kwenye waya, hujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Matibabu yaweza kuchukua miezi, na pengine kulazimu upasuaji mwingine.

Kwa hiyo wekundu, maumivu, usaha au homa si mambo ya kungojea kesho. Hospitali ijulishwe siku hiyo hiyo, kwani maambukizi yaliyo kwenye ngozi hutibika kwa urahisi kuliko yaliyokwisha kuifikia pampu.