Pampu ya Seli na Zebaki ya Mialoni

Katika mialo ya Rwamagasa na Nyarugusu mkoani Geita, na mingi ya Shinyanga, wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki. Mawe husagwa kwenye karasha, mchanga mzito hukandwa na zebaki, kisha donge linalopatikana huchomwa motoni. Dhahabu hubaki na zebaki hupaa ikiwa mvuke usioonekana wala kunuka. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa huingia katika damu kupitia mapafu, na kutoka hapo hufika kwenye ubongo na figo. Namna zebaki inavyozidhuru seli za viungo hivyo imefahamika kwa sehemu kutokana na protini iliyotengenezwa maabara.

Protini yenyewe ni pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyoelezwa mwaka 1957 na Jens Christian Skou wa Denmark, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Pampu hii imekaa katika utando wa seli. Kila inapotumia molekuli moja ya ATP, hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Tofauti ya ioni inayojengwa hivyo ndiyo inayowezesha neva kupitisha ujumbe, figo kurudisha chumvi na maji mwilini, na moyo kupiga kwa mpangilio.

Ili kuichunguza kwa undani, wanasayansi huchukua jeni la pampu na kulipandikiza katika hamira, seli za wadudu au mayai ya chura, ambayo huanza kuitengeneza. Protini inayopatikana kwa njia hii huitwa rekombinanti. Thamani yake kubwa ni kwamba mtafiti anaweza kubadilisha asidi amino moja tu na kuona matokeo yake. Kwa njia hiyo, mwaka 1996, X. Wang na Jean-Daniel Horisberger walionyesha kwamba zebaki huishika pampu kupitia sisteini moja iliyo katika kipande cha kwanza cha protini kinachopita kwenye utando.

Sisteini ina salfa, na zebaki huambatana na salfa kwa nguvu kubwa. Kwa kuwa protini nyingi mwilini zina sisteini, pampu hii ni mojawapo tu ya zile zinazoshambuliwa. Haifai kulihusisha tetemeko la mikono na pampu peke yake. Mvuto huohuo ndio msingi wa dawa za kunasa metali, kama DMSA, ambazo zina salfa ya kuishika zebaki ili itoke kwa mkojo. Hata hivyo, dawa hizo haziwezi kufufua seli za neva zilizokwisha kufa. Wapo wanaokunywa maziwa baada ya kuchoma dhahabu wakiamini kuwa yanasafisha kifua; mvuke ulioingia kwa mapafu hauondolewi na kinywaji.

Kwa mhudumu wa afya, swali la kwanza ni kazi ya mgonjwa, na la pili ni mahali dhahabu inapochomwa. Kutetemeka kwa vidole, usahaulifu, hasira zisizo za kawaida, kukosa usingizi, fizi kuvimba na protini katika mkojo, vikimpata mtu wa mialoni au wa familia yake, visihukumiwe haraka kuwa ulevi au kurogwa. Kwa aliyevuta mvuke kwa muda mrefu, kipimo kinachofaa ni zebaki katika mkojo. Mfiduo ukikoma, kiasi hicho hupungua kwa nusu katika muda wa miezi 2 hivi. Kwa hiyo kumwondoa mgonjwa penye mvuke ni sehemu ya tiba.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Wakati matumizi yakiendelea, mchimbaji atumie ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, na achomee nje, mbali na makazi. Jiko na sufuria za nyumbani zisitumike kamwe. Mama mjamzito na watoto wakae mbali kabisa, kwa kuwa mvuke huo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, wakati ubongo wake ungali ukijengwa.